Maswali na Majibu: Askari Mstaafu na Waliomo Nyumbani Mwake

Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii upande wa afya ya akili, na kazi yangu, baina ya Malindi na Lamu, ni kukaa na wanajeshi waliostaafu pamoja na jamaa zao. Barua nyingi ninazoletewa zinatoka katika nyumba ambazo baba, kaka au mwana alikwenda Somalia baada ya Oktoba 2011, Kenya ilipoingiza majeshi yake huko. Nimejibu tano hapa, na majina yote nimeyaondoa.

*Mume wangu alitoka jeshini miaka mitatu iliyopita. Usiku huamka akipiga mayowe, na siku moja nilipomgusa alinikaba koo. Fataki zilipopigwa kwenye harusi ya jirani alijitupa chini ya kitanda. Mama mkwe anasema ni pepo, lazima apungwe. Nifanyeje? (Mke, Langoni, Lamu)*

Pole sana, dada yangu. Nianze na usalama wako. Mtu anayeshtuka usingizini namna hiyo huchukua dakika moja au mbili kabla ya kutambua alipo, na mkono unaomgusa gizani yeye huudhania wa adui. Kwa hiyo usimwamshe kwa kumgusa. Simama mlangoni, washa taa, umwite kwa jina alilozoea kuitwa na watu wa kwao, kisha umwambie kwa sauti ya chini kwamba ni wewe, kwamba mko nyumbani Langoni, na kwamba ni usiku. Rudia mpaka aitikie. Mama mmoja niliyefanya kazi naye huwa ameshika kopo la maji ya mtungini. Bwana akishaitikia humpa mkononi, na bwana mwenyewe aliniambia kwamba ubaridi wa lile kopo ndio unaomjulisha kuwa amefika kwao. Usiku ambao unaona hali imekuwa nzito, lala chumba kingine pamoja na watoto, lakini mwambie mapema, mchana akiwa ametulia, kwamba mtafanya hivyo na kwa sababu gani, asije akaona umemtupa. Ikiwa anakupiga akiwa macho na akili zake timamu, hilo halina udhuru wa ugonjwa. Nenda kwa jamaa zako na utafute msaada siku hiyo hiyo.

Unayoyaeleza yanafanana sana na mfadhaiko wa baada ya kiwewe, ingawa kuuthibitisha ni kazi ya daktari atakayemwona mwenyewe. Mtu hurudiwa na tukio katika ndoto au akiwa macho, hukwepa kila kinachomkumbusha, huwa chonjo muda wote kama aliye kwenye zamu, na moyo wake hufa ganzi hata kwa watoto wake. Dalili hizi zikipita mwezi mmoja na zikimvuruga katika maisha yake, ndipo wataalamu huliita tatizo hilo kwa jina hilo. Wala si jambo geni. Mwaka 1915 daktari wa Uingereza, Charles Myers, alichapisha maelezo ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliopotewa na kumbukumbu na uwezo wa kuona, kunusa na kuonja baada ya mabomu kupasuka karibu nao, na mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kwisha, madaktari wa Marekani waliliingiza tatizo hili katika mwongozo wao wa magonjwa. Msomee mama mkwe sehemu hii, kwani huenda ikamfariji kujua kwamba mwanawe hakuharibikiwa peke yake.

Kuhusu pepo, mimi sibishani na mzazi. Kisomo, dua na kombe vimewatuliza wengi ninaowajua, na shekhe anayeketi na mgonjwa akamsikiliza kwa saa nzima ananirahisishia kazi. Ninachokikataa waziwazi ni mtu kufungwa kamba, kuchapwa, kufukizwa mpaka akose pumzi, au kuambiwa aache dawa za hospitali. Mpelekeni kwa shekhe na mpelekeni pia Hospitali ya King Fahd, mkaombe aonwe na wahudumu wa afya ya akili. Yako matibabu ya mazungumzo yaliyopimwa kwa utafiti, ambayo mgonjwa huongozwa hatua kwa hatua kulikabili alilolikimbia, na ziko dawa kama sertraline ambazo daktari huweza kumwandikia. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia dukani, hasa diazepam, msivikimbilie. Haviponyi kiwewe na humfanya mtu avitegemee. Miraa ya jioni nayo huufukuza usingizi uliokuwa haba tangu mwanzo.

Jambo la mwisho kwako, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: usimdai akusimulie. Jamaa wengi wanaamini kwamba akilitoa la moyoni atapona papo hapo, basi humsakama kwa maswali, na yeye huzidi kujifungia. Mpe chakula kwa wakati, mpe mahali pa kulala ambapo anauona mlango, mjulishe mapema ikiwa kutakuwa na fataki mtaani. Akitaka kusema, atasema.

*Afisa wa ustawi wa jamii hufanya nini ambacho daktari hafanyi? (Mwanafunzi, Malindi)*

Daktari huchunguza na kuandika dawa. Mimi huuliza nauli ya kuifuata dawa hiyo itatoka wapi, nani atabaki na watoto, na kama mwenye nyumba anadai kodi ya miezi minne. Wiki moja nilikaa sakafuni na mzee aliyenifungulia mkebe wa biskuti wenye karatasi zake zote za jeshi, nyingine zimeliwa na mende pembeni, na kwa siku mbili hatukugusa habari za vita hata kidogo. Tulizipanga karatasi kwa tarehe, tukaandika barua kuhusu pensheni yake, tukamsajili katika bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024. Siku ya tatu alianza kuzungumza mwenyewe. Waombaji wengi hawajui kwamba tangu mwaka 2022 Kenya ina Sheria ya Wanajeshi Wastaafu, na kumweleza mtu haki anazoweza kuzidai ni sehemu ya matibabu, kwa maana wasiwasi wa deni hauna tofauti kubwa na wasiwasi mwingine unapofika saa nane ya usiku.

*Ami yangu alikuwa dereva wa lori jeshini, hakupigana. Anasema hana haki ya kuugua kwa sababu waliopigana ndio walioumia. Je, ni kweli? (Kijana, Mokowe)*

Si kweli hata kidogo. Dereva huendesha juu ya barabara ambayo huenda imetegwa bomu, na mara nyingi yeye ndiye aliyewabeba majeruhi na maiti. Mpishi, muuguzi na fundi wa redio nao wamo. Wako pia wanaobeba lawama ya kubaki hai: baada ya kambi ya jeshi la Kenya ya El Adde, huko Somalia, kushambuliwa Januari 2016, fikiria hali ya askari aliyepaswa kuwepo pale na hakuwepo. Mwambie ami yako kwamba kiwewe hakiangalii cheo wala bunduki, na kwamba huweza kujitokeza miezi au hata miaka baada ya mtu kurudi. Nanyi wa Lamu mliokuwepo mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 yalipotokea mnalijua hili bila kufundishwa na mtu aliyevaa sare.

*Shikamoo. Baba amestaafu, haongei, na juzi alisema tungekuwa na raha zaidi kama yeye hayupo. Naogopa kumuuliza nisije nikamtia wazo kichwani. (Binti, Malindi)*

Marahaba, mwanangu. Muulize leo. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo. Mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye yupo aliyeona. Tumia maneno ya wazi: "Baba, unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza umsikilize, usimhubirie wala usimkumbushe dhambi saa hiyo. Akikubali, asiachwe peke yake. Ondoeni nyumbani dawa zilizolundikana, sumu ya shambani na silaha kama ipo, na mmpeleke hospitali ya serikali Malindi usiku huo huo, pamoja na mtu mzima anayemheshimu. Msalaba Mwekundu wa Kenya una nambari ya ushauri isiyolipishwa, 1199, nawe mwenyewe waweza kuipiga.

Watu wengine walikuwa wakificha jambo hili kwa kuhofia polisi, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Hofu hiyo isikuzuie.

*Tuko wastaafu watano, tunakutana barazani kila baada ya Alasiri. Hatutaki faili hospitalini. Je, baraza letu linatosha? Mmoja wetu ameacha kuja mwezi huu. (Sajini mstaafu, Lamu)*

Mzee wangu, nianze na faili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na mimi sizitoi kwa mwajiri wa zamani, kwa chifu wala kwa mke bila idhini yako. Siri huvunjwa tu pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini, na hilo ninalieleza siku ya kwanza kabla hujafungua kinywa.

Baraza ni kitu kikubwa kuliko mnavyodhani. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha kina bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wale bibi, hata hivyo, walifundishwa, na walijua ni lini wamkabidhi mtu kwa daktari. Nanyi niko tayari kuja kuketi nanyi nijifunze desturi zenu na niwaachie dalili za kuangalia.

Huyo wa tano ndiye ninayemfikiria. Msimngoje arudi. Nendeni kwake wawili tu, msiende wanne, asije akaona ameitiwa kikao. Bisheni hodi mchana, mwambieni kahawa imepoa mara nyingi bila yeye, na mketi hata kama hatasema neno. Kisha mnijulishe mlivyomkuta.