Ukitaka kupima nguvu za mkono, tafuta kiti kwanza

Jumamosi moja nilibeba kipima mshiko hadi kwa shangazi, Hombolo, nikijua nitarudi na namba za kujifunzia. Nusu saa haikupita uani pakageuka uwanja wa mieleka. Vijana saba, wazima wa afya, kila mmoja kakamia kumpita mwenzake: huyu kajikunja, yule kakibana kifaa tumboni, mwingine anakikandamiza chini kama anayetwanga. Niliandika kila kitu. Usiku nilipozisoma zile namba, hazikuwa na maana yoyote.

Mtu akae. Nyayo zikanyage chini, bega lilegee karibu na mbavu, kiwiko kikunjwe nyuzi 90, gumba lielekee juu. Ndivyo wanavyoelekeza wataalamu wa tiba ya mkono wa Marekani, na kwingine wengi wamewafuata. Abane kwa nguvu zote sekunde chache, aachie, apumzike. Mara tatu kila mkono, kisha chukua wastani. Kelele za "kaza, kaza!" wapigiwe wote au asipigiwe mtu.

Lakini kilichoniaibisha ni mpini. Kifaa cha aina ya Jamar kina nafasi tano za mpini, nami nilikuwa nimeuacha ya nne kwa sababu viganja vyangu ni vipana. Binamu yangu, ambaye hupogoa zabibu kwa mkasi siku nzima, akatoa kilo 22, nyuma ya mdogo wake anayeshinda na simu. Hakubisha. Aliniuliza tu, "Kaka, mbona vidole vyangu havifiki?" Nikatazama: kweli, chuma kilikuwa kimeshikwa na ncha za vidole tu. Nikaurudisha nafasi ya pili, ambayo ndiyo ya kawaida, nikamwacha apumzike. Akabana: 31. Mdogo mtu akajifanya anaitwa jikoni.

Vidole vipime peke yake, kwa kifaa chake kidogo. Mshiko mzima unategemea sana misuli ya kigasha, ila kubana kwa gumba kunahitaji pia ile midogo ya kiganjani. Kuna kubana ncha kwa ncha, kama unaokota sindano. Kuna kwa vidole vitatu, kama unachota chumvi. Na kuna kwa ubavu wa kidole cha shahada, kama unazungusha ufunguo. Mbano wa ufunguo kwa kawaida huushinda wa sindano, kwa hiyo usiiweke safu moja halafu ukashtuka.

Muulize pia anaandikia mkono gani. Anayetumia wa kulia, wa kushoto huwa nyuma kwa kama asilimia 10. Mashoto mara nyingi mikono yake hukaribiana. Na aliyetoka kuchota maji ndoo nne, mwache akae kwanza.

Siku hizi kwenye daftari langu, kabla ya kilo, naandika mpini uko nafasi ya ngapi.