Baba mdogo alimpa kaka parsele yote: je, uamuzi wake unatufunga?

Swali: Assalamu alaykum, sheikh. Baba alifariki akatuachia parsele hapa Kadutu, yenye nyumba ya kupangisha. Tumebaki mama, wavulana wawili na wasichana watatu. Mvulana mdogo ana miaka 9. Tulimwomba baba mdogo atuamue. Akampa kaka mkubwa parsele yote, wasichana dola mia mia. Mama aliwekeshwa kidole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa, na dada yetu wa Uvira hakuitwa.

Jibu: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Allah amrehemu mzazi wenu. Kumweka mtu wa ukoo aamue si kosa. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 35, Qur'ani imeagiza waamuzi wa ukoo kwa mke na mume wanaogombana. Lakini baba mdogo hana mamlaka ila yale mliyompa, nanyi hamwezi kumpa kisicho chenu.

Dada wa Uvira hakumkubali mwamuzi, basi uamuzi haumgusi. Mtoto wa miaka 9 hana ridhaa inayohesabika. Si mama, si kaka, si baba mdogo awezaye kusamehe fungu lake. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi: aya ya 10 ya sura hiyo inasema wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao.

Mtu mzima anayejua fungu lake, akaridhia pungufu kwa moyo mweupe, hilo linajuzu. Kidole cha mama hakikuwa ridhaa. Na wewe, kama ulinyamaza kwa kuwaonea haya wazee, haya si ridhaa.

Kaka asijifiche nyuma ya karatasi. Mtume (s.a.w.) alisema kwamba huenda akamhukumia mmoja wetu haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno yake, na atakayepewa hivyo amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haihalalishi haki ya mwingine, ya baba mdogo itahalalishaje?

Lipeni kwanza madeni ya marehemu, na wasia wake kama upo. Kinachobaki kigawanywe mafungu 56: mama 7, kila mvulana 14, kila msichana 7. Mwendeeni baba mdogo kwa adabu, dada wa Uvira akiwa kwenye simu, karatasi iandikwe upya na mama asomewe kila mstari. Akikataa, kwenda tribinali si kuvunja undugu. Mpaka hapo parsele isiuzwe, na robo ya kodi ya kila mwezi iandikwe kwenye daftari kwa jina la mtoto.

Wallahu a'lam.