Kwa nini goti la mtoto mwenye hemofilia linavuja lile lile kila mara?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mwanangu ana miaka 7, ana hemofilia A ile kali, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Goti la kushoto limevimba mara nne toka mwaka uanze, la kulia halina shida kabisa. Bibi yake anasema tulikande na maji ya moto. Alafu nimesikia kuna sindano mpya ya chini ya ngozi, ukiipata huhitaji tena fakta, ni kweli?

JIBU: Nzuri mama, pole na kuuguza. Naanza na maji ya moto maana hilo haliwezi kusubiri: msilikande tafadhali. Joto linatanua mishipa na kukanda kunaitonesha, damu inazidi kumwagika humo ndani. Mwekeeni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hivi, mguu ukae juu ya mto, na wakati huo huo muwe mnaitafuta fakta, ile protini ya kugandisha damu anayochomwa, msingoje goti lijae. Maumivu mpeni panadol tu, diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hapana, zinazidisha kuvuja.

Sasa kwa nini lile lile. Ndani ya goti kuna utando laini unaotoa ute wa kulainisha, na damu ikiingia humo haina pa kutokea, utando ndo unabaki na kazi ya kuifyonza. Damu ina chuma, na chuma kile kinaganda kwenye utando, yaani goti lililovuja mara nyingi ukilifungua unaukuta utando mnene, wa rangi ya kutu kabisa. Unakuwa kama unawaka ndani kwa ndani, unaotesha mishipa mipya midogo midogo tena legelege, inayopasuka hata mtoto akichuchumaa tu, damu inaingia tena, utando unanenepa tena. Huo mzunguko ndo umelishika goti la kushoto, mama, sio mkosi wala mtoto hajalogwa. Na gegedu linalofunika mfupa linalika taratibu, likishalika halirudi.

Ndo maana napigania sana kinga kuliko kungoja avuje. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2007, wavulana 65 wenye hemofilia A kali, wote chini ya miezi 30, wengine wakapewa fakta kila baada ya siku moja hata kama hawajaumia, wengine wakapewa pale tu wanapovuja. Walipofika miaka 6, MRI, yaani picha ya ndani ya viungo, ilionyesha viungo vizima kwa 93% ya wale wa kinga na 55% ya wale wa kungoja. Na kuna viungo vilikutwa vimeharibika ambavyo mzazi hakuwahi kuviona vimevimba, hilo linaniumiza mpaka leo nikimkuta mtoto anaambiwa arudi mpaka avimbe. Dozi ndogo pia inasaidia, China walijaribu uniti 10 kwa kilo mara mbili kwa wiki na viungo vikavuja kidogo zaidi, kwa hiyo kama fakta ni chache bado kinga ipo.

Sindano unayoisema ni emisizumabu. Sio fakta 8, ile inayokosekana kwenye hemofilia A, ila inafanya kazi yake: inashika fakta 9 upande mmoja na fakta 10 upande wa pili, inazikutanisha, damu inaganda. Fakta 8 ya kawaida nusu yake inaisha mwilini ndani ya kama masaa 12, hii inakaa wiki kadhaa, ndo maana inachomwa kila wiki, au kila wiki 2, au hata 4. Ni nzuri kweli, lakini ni ya kuzuia, haizimi damu iliyoshaanza kuvuja. Akianguka au akifanyiwa upasuaji fakta bado itahitajika, kwa hiyo msiache kuwa nayo karibu.

Kliniki ijayo omba apimwe kama mwili wake umeanza kuipinga fakta, goti lipigwe utrasaundi, na uvimbe ukishatulia aanze fizio, yaani mazoezi ya tiba, ili paja lipate nguvu ya kulishikilia goti. Na msikilize mwenyewe, watoto wengi wanasema goti linawasha au linatekenya masaa kadhaa kabla halijavimba, au unamuona anakanyagia vidole hataki kunyoosha mguu. Hapo hapo ndo pa kumpa fakta.