Foley aliandika mwenyewe

Kuna wanaouliza kama mwanamieleka Mick Foley aliandikiwa na mtu mwingine kitabu cha maisha yake. Hapana, hakuandikiwa. Foley, yule tuliyemjua ulingoni kama Mankind, aliandika Have a Nice Day! mwenyewe, tena kwa mkono, kurasa zaidi ya 700. Mwanzoni alipewa mwandishi wa kumsaidia, hakuridhika na kazi yake, akashika kalamu. Amelieleza hili mara nyingi. Kilitoka 1999 kikapanda hadi namba 1 kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa zaidi.

Mimi naangalia mieleka tangu utotoni na kitabu hiki nimekirudia mara nne. Sauti ni yake kabisa. Soma pale Munich, 1994, anapopambana na mwanamieleka mwenzake Vader, kichwa kimenaswa kwenye kamba za ulingo, anajichomoa, na pambano likiendelea sikio linanyofoka. Mtu wa kukodiwa asingeweza kusimulia vile, na ucheshi wote ule ndani ya maumivu. Sijaona kitabu cha mwanamieleka kinachokifikia.

Ila kama unatafuta habari za baada ya kuchukua ubingwa wa WWF (kampuni ya mieleka ya Marekani, sasa WWE) Januari 1999, tafuta cha pili, Foley Is Good, cha 2001. Nacho kaandika mwenyewe.