Maswali ya wanaouguza wazee: nesi si yaya

Barua zimekuja nyingi na nusu yake zinauliza jambo lile lile. Nimechagua zilizonichoma.

*Nimemaliza kozi ya ulezi ya miezi mitatu hapa Malindi. Naweza kujiita nesi? (Kisumu Ndogo)*

La. Diploma ya uuguzi ni miaka mitatu, kisha mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, kisha leseni. Wewe ni mlezi, na mlezi mzuri ni lulu. Lakini mlezi anayejiita nesi, siku moja ataambiwa abadilishe mpira wa mkojo, na atakubali kwa kuona haya. Swali hili nimelijibu kabla ya Ramadhani na baada yake. Tafadhalini, someni ya nyuma.

*Nimemwajiri nesi amwangalie mama aliyepooza upande. Analala humo humo. Sasa amekataa kupika na kufua nguo za watoto. Tuko ndugu sita na wote wanasema nimfukuze. (Shela)*

Mwache aende kwa anayejua thamani yake. Wewe unatafuta nesi kwa bei ya yaya, na hutampata. Hebu nikuhesabie. Mama ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku. Kula ni kukalishwa wima, kijiko kimoja kimoja, na akimaliza abaki ameketi kama nusu saa, kwa sababu chakula kikipotea njia kikashukia mapafuni kinaleta nimonia. Presha ipimwe na iandikwe. Mkono na mguu uliolala unyooshwe usije ukakakamaa. Bado kuoga, pampas, kusafisha kinywa. Katikati ya hayo ndiyo afue sare za shule? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Na huko "kulala humo humo" msikufanye ndiyo mapumziko yake. Mtu anayeamka mara nne usiku yuko kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku moja ya kupumzika kila wiki na likizo ya siku 21 zenye mshahara kila mwaka. Mtafuteni mtu wa pili wa zamu, au nyinyi sita mgawane usiku. Naona kupiga simu mnajua wote.

*Mgonjwa wangu ameanza wekundu juu ya makalio. Nisugue na mafuta ya nazi? (Barani)*

Usisugue! Pale nyama imekosa damu kwa kulaliwa, na kusugua kunaimaliza. Mlaze ubavu sasa hivi, weka mto katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Tena kwa ngozi zetu nyeusi usingoje wekundu. Tafuta mahali palipokolea giza kuliko kando yake, penye joto, au pagumu ukipagusa. Lile duara la mpira la kukalia litupe, linabana mishipa pembeni. Na kama ngozi imeshapasuka, acha kuniandikia, mpeleke hospitali.

*Nyanya ninayemtunza mchana ni mtulivu. Magharibi ikiingia anapiga kelele, hanitambui, anataka "kurudi kwao". Wengine nyumbani wanasema mashetani, wengine wanasema ni mchawi. (Ganda)*

Hiyo yafanana na dimenshia, maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu, na kuchafuka jioni ni tabia yake. Washa taa kabla giza halijaingia, zima televisheni, wageni wapungue. Usibishane naye kuhusu kwao; muulize huko kwao kuna nani, na mti gani uko uani. Ila kama hali hii imeanza ghafla, kwa siku mbili tatu, ni jambo jingine: apimwe mkojo na sukari, na dawa zake ziangaliwe upya.

Sasa hilo neno la pili. Kaunti yetu ya Kilifi imezika wazee waliouawa kwa neno hilo, na wengine kosa lao lilikuwa mvi na kusahau. Ukilisikia likisemwa mbele ya vijana wa nyumba ile, usilichukulie kuwa porojo. Mwambie chifu mapema, wala usiende peke yako.

*Mzee wa Kiitaliano, Casuarina, anataka nimtunze na anasema nikae na kadi yake ya benki. (Muuguzi, Muyeye)*

Kazi ichukue, kadi iache. Dai mkataba wa maandishi na namba ya mtoto wake mmoja huko Italia. Siku atakayokufa, wa kwanza kutiliwa shaka ni wewe, hata ukimlilia kuliko wanawe.

*Nipe ajenti wa kazi ya kutunza wazee Uingereza.*

Sina. Tangu 22 Julai 2025 Uingereza haitoi viza kwa walezi wapya wanaoajiriwa kutoka nje. Wauguzi waliosajiliwa wana mlango wao, na kozi ya miezi mitatu haiufungui. Anayekudai "ada ya viza ya mlezi" leo ni mwizi.

*Hivi kazi hii ina raha gani? (Watamu)*

Nilimtunza bibi mmoja aliyesahau majina ya wanawe wote. Kutwa vidole vyake vilikuwa vikichezea pindo la shuka, vikikunja na kufunua, na wenyewe walitaka nimfunge mikono. Nikamtazama siku tatu. Ya nne nikamletea miyaa, yale majani makavu ya kusukia mikeka, kutoka sokoni. Akaichukua bila kuniangalia, akaanza kusuka ukili, akasuka mpaka adhana ya alasiri, mstari umenyooka kama wa msichana. Binti yake alisimama mlangoni na kikapu cha samaki mkononi, asiingie wala asitoke. Mshahara wa mwezi ule ulichelewa, na niliudai, kwa sababu raha hailipi kodi ya nyumba.

*Mgongo unaniuma kwa kuinua wagonjwa. Ninywe dawa gani?*

Acha kuinua peke yako. Tandika shuka chini yake, mshike watu wawili mvute, magoti yakunjwe. Dawa baadaye.