Maswali Yenu: Nikitia hopsi, mbege haitachacha?

SWALI: Habari za kazi. Nauza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi. Kuna mteja kila akija ananiambia mama we tia hopsi kama za bia za kiwandani, mbege yako itakaa wiki nzima haichachi. Hizo hopsi ni nini hasa, na zinaota huku kwetu?

JIBU: Shikamoo mama, pole na biashara. Huyo mteja kasikia nusu.

Hopsi ni maua ya kike ya mmea unaopanda kwenye kamba, ukoo mmoja na bangi ila usishtuke, haulevyi mtu. Ukilipasua ua unakuta ndani unga wa njano unanata vidoleni, sasa huo unga ndo wenye kazi. Wapika bia wanauchemsha na maji ya kimea kama saa nzima ndo uchungu utoke vizuri, na za harufu wanazitia mwishoni kabisa maana zikichemka sana harufu yote inaenda na mvuke. Kwa uchungu basi huna unachokosa, gome lako la msesewe linafanya kazi hiyo hiyo.

Kuchacha sasa. Uchungu wa hopsi unawabana wale bakteria wanaogandisha maziwa, na hao hao ndo wanaoipa mbege ule ukali wake, ukiwabana sana hao bakteria, wazee wanaokunywa kwa kata watakuuliza umewauzia nini. Halafu kuna bakteria wa siki, hao hopsi haiwatishi kabisa, wakipata hewa tu kwenye ndoo iliyo wazi wanaendelea na kazi yao. Bia ya kiwandani inakaa miezi kwa sababu imechujwa hamira, nyingi zimepashwa moto zikiwa ndani ya chupa, na kizibo kimezuia hewa. Na hata hiyo we ianike juani kwenye chupa ya kijani au nyeupe uone, itanuka, na kinachonuka ni hopsi zenyewe zikipigwa na mwanga, ndo maana chupa nyingi ni za kahawia.

Kuota? Shayiri inalimwa West Kilimanjaro lakini hopsi zinaagizwa nje. Zinataka mchana mrefu wa kiangazi cha Ujerumani au jimbo la Washington kule Marekani, huku kwetu mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima, basi mmea unatoa maua ungali mfupi, tena machache. Afrika Kusini, kule George, waliwahi kuwasha taa shambani ili kuurefusha mchana, sasa mama na umeme huu wa kununua uniti uwashe taa kihambani kweli?

We pika ya kuuza siku hiyo hiyo, ndoo na kata zioshwe kwa maji ya moto, na mfuniko usiachwe wazi hata kama foleni ni ndefu.