Jibu: Dar–Moshi Desemba na watoto bila presha

Salaam mkuu. Umesema safari ya Desemba kwenda Moshi na watoto inakumaliza kabla likizo haijaanza. Kwanza angalia tarehe: wiki ya Krismasi tiketi hulanguliwa na foleni ya Chalinze ni balaa. Mimi huwa natoka mapema zaidi, tiketi nimeshakata; ukienda kutafuta asubuhi ileile stendi ya Magufuli, wapiga debe watakuvuruga.

Chukua siti za katikati, nyuma kunarusha na watoto hutapika. Beba kopo lenye mfuniko. Basi likisimama Korogwe, mmoja awahi chipsi, mwingine awapeleke watoto chooni, maana kondakta hasubiri mtu. Na waambie kabisa ndugu wa nyumbani Moshi: siku ya kwanza mnalala, kuzungukia mashangazi ni kesho yake.